Kijana wa shule na mashine ya kuchomelea: Ni mchezo au ni elimu?

Mama mmoja alinisimamisha baada ya darasa la Jumapili, akanieleza tatizo lake kwa kifupi. Mwanawe ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, na darasani hana tatizo. Lakini kila Jumamosi, badala ya kwenda twisheni kama wenzake, anakwenda kwenye karakana ya fundi wa kuchomelea vyuma huko Buguruni. Hakuna aliyemtuma, halipwi, na nyumbani kwao hakuna njaa. Anapenda tu. Ameshatengeneza rafu ya viatu na kigoda, na sasa yumo katika kuunda jiko la mkaa la chuma. Baba yake amekasirika. Kwa maneno ya mama huyo, baba anasema analipa ada ili mtoto awe mhandisi, siyo akaunguzwe na cheche uchochoroni. Mama akaniuliza: “Ustadhi, dini inasemaje? Anapoteza muda huyu, au ni jambo la kheri?”

Jibu la dakika mbili mlangoni mwa msikiti nilimpa. Lakini swali lenyewe ni kubwa kuliko mlango wa msikiti, na nadhani wazazi wengi wa mjini wanalo hata kama mtoto wao hapendi vyuma, bali anapenda useremala, au kufungua redio za watu na kubakiwa na skrubu mkononi.

Kwanza nimtetee baba. Hofu yake si ya kipumbavu. Waislamu wengi wa umri wake wamekua wakisimuliwa jinsi babu zao walivyoziogopa shule za misheni kwa kuchelea watoto kubatizwa, na jinsi hofu ile, ambayo haikuwa ya bure, ilivyotugharimu kwenye ofisi na vyuo. Mtu wa historia hiyo akimwona mwanawe ameshika nyundo siku ambayo wenzake wameshika vitabu, moyo unamwenda mbio. Anaona tunarudi tulikotoka.

Aidha, shule zetu wenyewe hazikuwahi kuipa heshima kazi ya mkono. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, wazo ambalo kwa karatasi halina kasoro kubwa: mwanafunzi asitenganishwe na kazi inayomlisha. Lakini waliosoma miaka iliyofuata wanajua yaliyotokea katika shule nyingi. Jembe likawa adhabu ya aliyechelewa namba, na shamba la shule likawa mahali pa kumpeleka mtukutu. Kwa miaka mingi aliyefeli darasa la saba ndiye aliyepelekwa kwa fundi, na aliyefaulu akaambiwa ameokoka. Tumefundishwa kwa vitendo kwamba mkono ni wa aliyeshindwa na kichwa. Kisha tunashangaa geti likikatika bawaba baada ya miezi sita.

Sasa serikali imebadili mwelekeo. Mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeleta katika sekondari mkondo wa ufundi, na neno walilolichagua ni elimu ya “amali”. Sijui kama waliokaa kwenye kamati walilifikiria neno hilo kama tunavyolifikiria sisi. Kwetu sisi amali ndiyo itakayopimwa Siku ya Kiyama. Ni neno zito kulibandika kwenye mlango wa karakana, na mimi naona wamelibandika mahali pake.

Nasema hivyo kwa sababu ndani ya Qur’an yenyewe chuma kina sura yake. Sura ya 57 inaitwa Al-Hadid, Chuma, na aya yake ya 25 inakitaja chuma pamoja na Mitume, Kitabu na Mizani, kwamba kimeteremshwa kikiwa na nguvu kali na manufaa kwa watu. Wafasiri wameeleza mengi kuhusu aya hii, na siku hizi kuna wahubiri wanaoitumia kuthibitisha mambo ya sayansi ya nyota. Sitaki kuingia huko. Kinachonigusa mimi ni ile aya ya Nabii Daud (a.s.) katika Surat Saba (34:10-11). Huyu alikuwa Mtume na mfalme. Mwenyezi Mungu (s.w.) anatueleza kwamba alimlainishia chuma, akamwamuru atengeneze deraya kamili na apime sawasawa vipimo vya pete zake, kisha hapo hapo, katika aya hiyo hiyo, akaamuru kutenda mema. Ndugu msomaji, tazama mpangilio huo. Agizo la vipimo vya pete na agizo la wema havikutenganishwa hata na aya moja. Pete ikiwa kubwa mkuki utapita, ikiwa ndogo askari hatainua mkono. Kipimo chenyewe ni sehemu ya wema.

Na katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokipata kwa kazi ya mkono wake, akamtaja Daud kuwa mfano.

Kuna atakayenijibu kwa hadithi ya mivukuto. Wengi tunaijua: rafiki mwema amefananishwa na muuza miski, na rafiki mbaya amefananishwa na mpuliza mivukuto, ambaye ama atakuunguza nguo ama utapata kwake harufu mbaya. Nimewahi kusikia mtu akiitumia hadithi hii kumkataza mtoto asikae kwa wafua chuma. Huku ni kuupindua mfano. Mfano unazungumzia cheche na harufu, vitu ambavyo kila aliyepita karibu na karakana anavijua, wala hautoi hukumu juu ya mhunzi kama mtu. Ushahidi wangu unatoka nyumbani kwa Mtume mwenyewe. Alipozaliwa mwanawe Ibrahim, alimkabidhi kunyonyeshwa kwa mke wa mhunzi wa Madina aliyejulikana kwa jina la Abu Sayf. Sahihi Muslim inasimulia kwamba Mtume alipokwenda kumtazama mwanawe, nyumba ilikuwa imejaa moshi kwa sababu Abu Sayf alikuwa anapuliza mivukuto yake, na Anas (r.a.) akatangulia mbio kumwambia asimamishe kwa kuwa Mtume amefika. Mtoto wa Mtume (s.a.w.) alilelewa katika nyumba yenye mivukuto, na baba yake alikuwa akiingia humo humo kumbusu. Mzazi anayeona mwanawe amedhalilika kwa kukaa Jumamosi na fundi wa Buguruni aitafakari nyumba ile.

Kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, na pwani hii ndio wengi, kuna mfano mwingine ambao sijui kwa nini hatuwasimulii watoto. Abu Bakr al-Qaffal wa Marw, aliyefariki mwaka 417 Hijria, sawa na 1026, alikuwa mmoja wa vigogo wa fiqhi ya Kishafi huko Khurasan. Jina Qaffal maana yake ni fundi kufuli. Watu wa historia wanaeleza kuwa alikuwa bingwa wa kutengeneza kufuli ndogo za ajabu, na kwamba hakuanza kusoma fiqhi mpaka alipokaribia miaka 30. Baba wa kijana wetu anaweza kusema: unaona, aliziacha kufuli akaenda kwenye vitabu! Ni kweli aliziacha. Lakini mtu ambaye kwa miaka mingi ameshughulika na meno ya ufunguo ambayo yakikosea unywele mmoja kufuli haifunguki, hakuingia kwenye fiqhi akiwa mikono mitupu. Na jina la ufundi wake hakuna aliyeona haja ya kulifuta. Mpaka leo katika vitabu ni Qaffal.

Nije sasa kwenye kiini cha swali, ambacho ni neno “anapenda tu”. Kama kijana yule angekuwa amefukuzwa shule, au baba yake amefariki na nyumba haina kitu, hakuna ambaye angeuliza dini inasemaje. Tungesema masikini, anatafuta riziki. Kinachotusumbua ni kwamba anafanya kazi ngumu, ya jua na moshi, bila kulazimishwa na njaa wala kutarajia pesa. Hata lugha yetu inaonekana kuwa na wasiwasi na jambo hilo. Neno tunalopewa kwa kitu anachokipenda mtu na kukifanya wakati wa nafasi ni uraibu, na neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kwa tumbaku na dawa za kulevya!

Dini haina wasiwasi wa namna hiyo. Upuuzi unaomsahaulisha mtu Mola wake umekemewa, hilo halina mjadala. Lakini Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume siku ya Idi, Bibi Aisha (r.a.) akiwatazama na Mtume akimkinga, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Mchezo ule ulikuwa wa zana na ustadi wa mikono. Hakuna aliyewauliza utawasaidia nini kwenye ajira.

Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaomtetea kijana kwa hoja nyepesi. Ukimweleza mtu jambo hili, haraka atakuambia: mwache, vyeti siku hizi havina kazi, atajiajiri. Huenda ikawa hivyo, na huenda isiwe. Lakini tazama hoja hii inavyomfanya mtoto. Inasema kwamba kitu anachokipenda kina thamani pale tu kitakapogeuka shilingi. Kwa hoja hiyo hiyo hifdhi haina maana mpaka mtoto apate mashindano ya zawadi, na nahau ya Kiarabu haina maana mpaka apate nafasi ya masomo nje. Baba anayetaka mhandisi na jirani anayetaka fundi aliyejiajiri wote wawili wanamtazama mtoto kama duka litakalofunguliwa baadaye. Wanagombania bidhaa gani iwekwe kwenye rafu.

Mimi nadhani kijana yule anapata kitu leo, Jumamosi hii hii, hata kama hatachomelea tena maisha yake yote. Nilikwenda kutazama mwenyewe, kwa sababu sipendi kuandika juu ya kitu cha kusikia.

Kuchomelea kwa umeme kunaonekana rahisi kwa anayepita barabarani. Waya mmoja wa mashine unabanwa kwenye chuma chenyewe, mwingine unashika rodi, na rodi ikikaribia chuma umeme unaruka katikati na kutoa joto linalopita nyuzi 3,000. Chuma cha kawaida huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Kwa hiyo ncha ya rodi na kingo za vipande viwili vinayeyuka pamoja na kuwa dimbwi dogo, ukubwa wa punje ya hindi, na fundi analiongoza dimbwi hilo mbele polepole. Dawa iliyopakwa juu ya rodi inaungua, inatoa moshi unaozuia hewa isiharibu dimbwi, na inaacha gamba gumu juu ya mshono. Gamba likipoa linagongwa kwa nyundo ndogo, na hapo ndipo unaona ulichokifanya.

Mkono ukienda haraka mno, mshono unakuwa mwembamba. Ukichelewa, chuma kinatoboka. Moto wa mashine ukiwa mdogo, rodi inayeyuka vizuri na kulala juu ya vipande bila kuviingia, kama nta iliyodondokea mezani. Na hapa ndipo penye mtihani, maana mshono wa namna hii unaweza kupendeza. Umenyooka, una mawimbi mazuri, ukipakwa rangi hakuna mteja atakayejua.

Fundi wa Buguruni, mzee wa makamo mwenye maneno machache, alikichukua kipande ambacho kijana alikuwa amekiunga na kukifurahia. Akakibana kwenye jiliwa, akakipiga nyundo mara mbili. Kikaachana. Ndani pale palipoachana palikuwa panang’aa kama pasipoguswa: kingo za mwanzo zilikuwa bado zipo. Fundi hakugomba. Alimwambia tu, “Dogo, umepaka. Hujaunga.” Kijana akaongeza moto wa mashine, akasugua kutu aliyoiruka mara ya kwanza, akarudia. Alirudia mara nne mbele yangu. Kipande cha nne kilipopigwa kilipinda, na mshono ukabaki.

Nimefundisha watoto akhlaki kwa miaka mingi, na nimewasomesha ile hadithi ya muuza nafaka ambaye Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya lundo lake, vidole vikakutana na unyevu uliofichwa chini ya nafaka kavu, akamkana mwenye kughushi kuwa si katika sisi. Watoto wanaihifadhi, wanaijibu kwenye mtihani, wanapata alama. Lakini sijui kama kuna siku nimemwonyesha mtoto ghushi yake mwenyewe, ikiwa imefunguka mezani mbele ya macho yake, iking’aa. Mtihani wa karatasi hauna uwezo huo. Karatasi inaweza kudanganywa, mwalimu anaweza kudanganywa, na siku hizi kompyuta inaweza kumwandikia insha nzima na mwalimu asigundue. Chuma hakisikilizi maelezo.

Zaidi ya hayo, kwa kuwa halipwi, hakuna mteja anayemharakisha. Fundi mwenyewe aliniambia jambo hili bila kuulizwa: yeye akirudia mshono mara nne, umeme wa LUKU unakwisha na faida inaondoka. Kijana anaweza kurudia. Anayo nafasi ya kujifunza ukamilifu ambayo anayekula kwa kazi ile mara nyingi hana. Imepokewa kutoka kwa Mtume kwamba Mwenyezi Mungu anapenda mja anapofanya kazi aifanye kwa ukamilifu. Asiyebanwa na njaa ndiye mwenye udhuru mdogo zaidi wa kulipua kazi.

Wala tusidhani mshono ni jambo dogo. Kila nyumba ya mjini sasa ina tangi la maji juu ya mnara wa chuma. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja ya maji, na la lita 5,000 ni tani tano. Chini yake pana jiko, pana uchochoro wanaochezea watoto, wakati mwingine pana chumba wanacholala wapangaji. Tani zile zimeshikwa na mishono ambayo mwenye nyumba hajawahi kuiona bila rangi. Au tuchukue grili za madirisha, ambazo tunazitia kila tundu kwa kuogopa wezi. Grili isiyofunguka inamzuia mwizi asiingie, na moto ukitokea inamzuia mwenye nyumba asitoke. Mtu aliyewahi kutengeneza dirisha kwa mkono wake anajua kwamba bawaba moja na kufuli ya ndani ingetosha kuliponyesha. Tunakaa ndani ya kazi za hawa watu usiku na mchana, na jina la aliyezitengeneza hatulijui.

Imamu Ghazali, katika mlango wa elimu wa Ihya, alizihesabu kazi za ufundi ambazo watu hawawezi kuishi bila hizo kuwa ni faradhi kifaya: zikikosa mtu wa kuzifanya mji mzima una dhima. Na akawalaumu watu wa zama zake kwa kukimbilia elimu zenye cheo na kuacha tiba mikononi mwa wengine. Sina hakika kama angetusifu sisi.

Baada ya kusema yote hayo, lazima niseme na la upande wa pili, kwa sababu mwili nao ni amana na mama yule alikuwa na haki ya kuogopa. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Mwanga wa rodi unaunguza jicho bila mtu kuhisi papo hapo. Maumivu huja baada ya saa kadhaa, usiku, kama mchanga umejaa machoni. Miwani ya jua wanayovaa vijana wengi wa karakana haitoshi kabisa, inatakiwa ngao ya uso yenye kioo cheusi cha kazi hiyo. Anayechomelea bomba lililopakwa zinki akivuta moshi wake anaweza kupata homa na baridi jioni, akaidhani malaria. Na pipa lililowahi kubeba mafuta halikatwi wala kuchomelewa na mwanafunzi hata siku moja, kwa sababu mvuke uliobaki ndani unaweza kulipua. Karakana iliyo kando ya njia iwekewe turubai, maana watoto wa jirani wanaosimama kushangaa wanaunguzwa macho vile vile, na kumdhuru jirani hakuna fatwa ya kukuhalalishia.

Basi masharti yangu kwa baba ni haya ya kawaida: viatu vya kufunika mguu, shati la pamba la mikono mirefu, ngao ya uso, mahali penye hewa, na swala ya adhuhuri kwa wakati wake. Masomo yakishuka, Jumamosi zipunguzwe. Hilo halihitaji ustadhi.

Ila kuna jambo moja nililiona kule Buguruni ambalo mama hakuniuliza, na ndilo lililonikalia moyoni kuliko yote. Karakana ile ina kijana mwingine. Umri wake ni kama wa huyu mwanafunzi, labda ni mdogo kwa mwaka. Yeye ni saidia fundi. Yuko pale Jumatatu mpaka Jumamosi, anashika bomba upande wa pili wakati wengine wanachomelea, anageuza uso pembeni cheche zikiruka kwa sababu ngao iliyopo ni moja na iko usoni mwa anayechomelea. Siku ile ilikuwa usoni mwa mwanafunzi wetu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mahali penye kazi za hatari, na inakataza kabisa kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Kwa hiyo kisheria yule saidia fundi hatakiwi kuwa pale kama alivyo. Lakini ukimwondoa leo, jioni atakula nini? Fundi naye si dhalimu, ni mtu aliyempokea mtoto wa nduguye kutoka kijijini. Ninachotaka kusema ni kwamba moto ni ule ule, moshi ni ule ule, na mmoja anauita mapenzi yake wakati mwingine hana jina la kuuita. Kijana wetu akija bure na kufanya kazi za mteja bure, iko siku fundi atapiga hesabu na kuona saidia fundi wa kulipwa hana haja naye. Hapo mapenzi ya mtoto wa mwenye ada yatakuwa yamekula mkate wa mtoto asiye na ada, na hakuna atakayekuwa amekusudia.

Khabbab bin al-Aratt (r.a.) alikuwa mhunzi wa Makka. Alimtengenezea kazi mkubwa mmoja wa Kikureshi, al-As bin Wail, na alipokwenda kudai haki yake akaambiwa hatalipwa mpaka amkane Muhammad. Kisa hicho kinatajwa kuwa sababu ya kushuka kwa aya za Surat Maryam kuanzia ya 77. Jasho la mfua chuma lilifika mpaka huko. Sisi tunaona taabu kumalizia salio la geti.

Kwa hiyo nilimtafuta baba wa kijana, tukazungumza barazani kwake baada ya Isha. Sikumwomba abadilishe mawazo kuhusu uhandisi. Nilimwomba mambo matatu, na mawili ameyakubali. La kwanza, amlipe fundi ada ya kufundisha kama anavyomlipa mwalimu wa twisheni, ili mtoto awe mwanafunzi pale na asiwe kibarua wa bure, na rodi anazozichoma kwa mazoezi zinunuliwe na nyumbani. La pili, zinunuliwe ngao mbili, na ya pili ni ya anayeshika bomba. La tatu tumeliacha wazi: jirani mmoja ameliona lile jiko la mkaa na anataka kulinunua. Mikono ni ya mwanafunzi, mashine na umeme ni vya fundi, na saidia fundi ndiye aliyekata mabati yote kwa grenda. Baba anasema pesa apewe mwanawe zimtie moyo. Mimi nasema zigawiwe kwa makubaliano ya watatu wale, na yafanyike kabla jiko la pili halijaanza.